Kazi ya mwanasheria mwandamizi katika Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka: mwongozo kwa anayeanza

Mwanasheria anayehamia Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka wa Dar es Salaam, unaojulikana zaidi kwa jina la DART, kwa kawaida hutarajia kukuta mezani majalada ya kesi. Majalada hayo yapo, lakini sehemu kubwa ya muda wake itakwenda katika swali moja ambalo huonekana jepesi mpaka linapoulizwa kikaoni: jambo hili ni la nani? Barabara kuu ambazo mabasi hupita ziko chini ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara, nauli huidhinishwa na LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini, mabasi kwa muundo wa mradi huendeshwa na mtoa huduma mwenye mkataba, na mashauri ya madai husimamiwa na Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali. Hasara nyingi za kisheria katika taasisi ya namna hii huanzia pale mtumishi anapoahidi au kutia saini katika jambo la taasisi nyingine, au anapochelewa kuandika jambo lililo lake.

Kuhusu sifa za kuingia sitasema mengi, kwa kuwa zinajulikana: shahada ya sheria, mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, usaili kupitia Sekretarieti ya Ajira au uhamisho, na miaka ya utumishi inayomfikisha mtu daraja la uandamizi. Kinachomtofautisha mwandamizi na wenzake wa chini ni kwamba maoni yake hufuatwa bila kuhakikiwa na mtu mwingine ndani ya ofisi.

Soma hati iliyouanzisha Wakala kabla ya kusoma mkataba wowote

Wakala ulianzishwa mwaka 2007 chini ya Sheria ya Wakala wa Serikali, Sura ya 245, na uko chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Sheria hiyo inaifanya wakala kuwa sehemu ya Serikali, na inairuhusu kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake katika masuala ya mikataba tu. Mwanasheria aliyezoea mashirika ya umma, ambayo yana nafsi kamili ya kisheria, huweza kufanya kazi miezi mingi bila kutambua tofauti hiyo, na akaitambua siku anapoandaa hati ya kiapo.

Ifuate kwa kuisoma pamoja na Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, kama ilivyorekebishwa na Sheria Na. 1 ya mwaka 2020. Marekebisho hayo yaliweka wazi kwamba anayetaka kuidai wakala, halmashauri au shirika la umma sharti atoe notisi ya siku 90, amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali kama mdaiwa wa lazima, na afungue shauri lake Mahakama Kuu. Shauri lisilomuunganisha Mwanasheria Mkuu huharibika lote. Mawakili wengi wa upande wa pili bado hukosea hapa, na ni halali kabisa kuweka pingamizi la awali, ila nakushauri usilifanye pingamizi hilo kuwa utetezi wako wote, kwa sababu mdai aliyeondolewa mahakamani kwa kasoro ya utaratibu hurudi akiwa amejiandaa vizuri zaidi, na wakati huo mashahidi wako watakuwa wamehamishwa vituo.

Katika wiki zako za mwanzo andaa jedwali la ukurasa mmoja au miwili linaloonyesha kila aina ya jambo linaloweza kutokea, sheria inayolihusu, taasisi yenye mamlaka, na nani ndani ya Wakala anayeruhusiwa kuliandikia barua. Ligawe kwa wakurugenzi na wasimamizi wa vituo. Litaonekana ni kazi ya karani, lakini ndilo litakalowazuia wahandisi wasimwagize mkandarasi wa TANROADS kwa simu kana kwamba ni mkandarasi wao.

Barua ya madai inapofika

Tuseme abiria ameumia mguu mlangoni mwa basi katika kituo cha Kimara, na wakili wake amewasilisha notisi. Chanzo cha ajali kinaweza kuwa dereva aliyeondoa basi mapema, mlango mbovu wa kituo, au pengo kati ya jukwaa na basi lililotokana na ujenzi, na katika kila hali mwenye kubeba dhima ni tofauti. Jibu la kwanza linapaswa kukiri kupokea barua tu. Radhi iliyoandikwa kwa moyo mwema na ofisa uhusiano inaweza kusomwa mahakamani kama kukiri kosa, hivyo kubaliana naye mapema kwamba barua zote zinazogusa majeruhi zipite kwako.

Siku hiyohiyo omba picha za kamera za kituo zihifadhiwe, kwa kuwa mitambo mingi ya kamera hufuta picha za zamani ili kupata nafasi ya mpya, na andika kumbukumbu ya nani aliyezitoa, kwa kifaa kipi na saa ngapi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini mahakama itataka kujua namna ulivyotunzwa. Kisha mjulishe mtoa huduma kwa maandishi, ukinukuu kifungu cha mkataba kinachomtaka awajibike kwa makosa ya madereva wake, na umtake awasilishe cheti cha bima na taarifa aliyoipeleka kwa kampuni yake ya bima. Bima nyingi zina sharti la kutoa taarifa mapema, na mtoa huduma akichelewa, mzigo unaweza kuelekezwa kwenu.

Zile siku 90 zipo ili zitumike. Ndani yake unaweza kukusanya maelezo ya mashahidi, kupima kama madai ni ya kweli, na kupendekeza suluhu pale ambapo kosa liko wazi. Ukiona shauri litafunguliwa, peleka jalada kwa Wakili Mkuu wa Serikali mapema. Ofisi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 2018, hushughulikia mashauri ya nchi nzima na wakili atakayepangiwa lenu huenda hajawahi kupanda mwendokasi hata mara moja. Mwandalie mtiririko wa matukio kwa tarehe, nyaraka zilizopangwa, orodha ya mashahidi na kila mmoja atathibitisha nini, na udhaifu wa upande wetu uuweke katika ukurasa wa kwanza. Wanasheria wa taasisi hupenda kuficha udhaifu huo kwa kuogopa kuonekana hawakufanya kazi yao, na matokeo yake ni kwamba wakili wa Serikali huugundua akiwa amesimama mbele ya jaji.

Mkataba wa mtoa huduma

Awamu ya kwanza, yenye urefu wa kilomita 20.9 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ilianza kutoa huduma Mei 2016 chini ya mtoa huduma wa mpito. Kwa njia za Mbagala, Gongo la Mboto na Barabara ya Bagamoyo, mikataba ya watoa huduma ndiyo itakayoamua kama miundombinu iliyojengwa kwa fedha za mikopo itafanya kazi iliyokusudiwa. Hapa ndipo uandamizi wako utakapopimwa kuliko mahali pengine popote.

Swali la kwanza ni nani anayebeba hatari ya idadi ya abiria. Mtoa huduma akilipwa kwa kilomita, hana sababu ya kugombania abiria kama daladala, lakini Wakala utalipa hata basi likienda tupu. Akilipwa kutokana na nauli, atajaza mabasi asubuhi na jioni na kuyaacha karakana saa za mchana. Uchaguzi huo ni wa kisera na si wako, ila maneno yanayouweka katika mkataba ni yako. Kama malipo ni kwa kilomita, fafanua kilomita. Je, safari ya basi tupu kutoka karakana kwenda kituo cha kuanzia huhesabiwa? Basi lililoharibika njiani likavutwa, limetembea kilomita ngapi? Kifaa cha kufuatilia mabasi ni cha nani, na kikizima, takwimu za nani zitatumika? Nimeona mjadala wa ankara ukichukua muda mrefu kuliko majadiliano ya mkataba mzima, kwa sababu pande mbili zilikuwa na takwimu mbili na mkataba haukusema ipi ishinde.

Swali la nauli ni nyeti zaidi. LATRA, iliyoundwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019, ina mamlaka juu ya nauli za usafiri wa ardhini, na asiyeridhika na uamuzi wake hukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Kwa hiyo Wakala hauwezi kumwahidi mwekezaji kwamba nauli itapanda kila mwaka kwa kiwango fulani. Unachoweza kuandika ni kwamba gharama zikifikia kiwango fulani, pande zote zitawasilisha maombi kwa mdhibiti ndani ya muda fulani, na endapo maombi hayatakubaliwa, yatafuata mashauriano kuhusu idadi ya safari au ruzuku, kwa kibali cha Hazina. Mwekezaji atalalamika kwamba kifungu hicho hakimpi uhakika. Analalamika kwa haki, lakini uhakika anaoutaka hauko mikononi mwenu.

Kuhusu adhabu za kushindwa kutoa huduma, kumbuka kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345: kiasi kilichotajwa katika mkataba ni ukomo, na mahakama hutoa fidia inayostahili isiyozidi kiasi hicho. Maana yake ni kwamba jedwali zuri la makato halitakusaidia sana kama huna kumbukumbu za hasara halisi. Wasimamizi wa vituo wafundishwe kujaza fomu ya kila siku inayoonyesha mabasi mangapi yalitoka saa 12 asubuhi, mangapi yaliahidiwa, na foleni ilikuwaje. Fomu iliyojazwa kwa mwandiko wa siku yenyewe ina nguvu kuliko ripoti iliyotengenezwa miezi sita baadaye kwa ajili ya kesi.

Kisha kuna Jangwani. Karakana iliyojengwa katika bonde la Mto Msimbazi imefurika mara kadhaa, na mabasi yameharibiwa na maji. Vifungu vya kawaida vya matukio yasiyozuilika, vinavyonakiliwa kutoka mkataba hadi mkataba, hutaja mafuriko pamoja na vita na tetemeko la ardhi. Kwa bonde hilo, mvua kubwa za masika ni jambo linalotabirika, na mwanasheria anayeyaacha mafuriko ya Jangwani ndani ya kifungu hicho amempa kila upande kisingizio. Andika kifungu mahususi: tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitolewa, nani huamuru mabasi yaondolewe, yanapelekwa wapi, ndani ya saa ngapi, nani analipa gharama za kuyahamisha, na nini hutokea kwa bima kama amri haikutekelezwa. Hili nalisisitiza kwa sababu ni rahisi kuliandika kabla ya mvua, na baada ya mvua haliandikiki tena.

Mwisho wa mkataba nao uandikwe mwanzoni. Mabasi ni ya nani siku ya mwisho, kadi na programu za kukusanya nauli zinabaki kwa nani, takwimu za abiria zitakabidhiwa katika muundo gani, na madereva watakuwa na hadhi gani? Mkataba wa mpito una tabia ya kuzoeleka, na kila nyongeza ya muda huipunguzia Serikali nguvu ya kujadiliana, kwa kuwa mtoa huduma anajua kwamba jiji haliwezi kukaa bila mabasi hata siku mbili.

Ujenzi na ununuzi

Katika mikataba ya ujenzi wa miundombinu, mwajiri wa mkandarasi ni TANROADS, hivyo barua zako zielekezwe huko. Jifunze hata hivyo masharti ya FIDIC yanayotumika, yaani masharti sanifu ya kimataifa ya mikataba ya ujenzi. Katika toleo la 1999, mkandarasi anayechelewa kutoa taarifa ya dai ndani ya siku 28 hupoteza haki yake, lakini mwajiri hakubanwa kwa ukomo wa namna hiyo. Toleo la 2017 linambana kila upande. Ukichelewesha kukabidhi eneo la kituo kwa sababu fidia haijalipwa, dai litaangukia Serikali ileile inayokulipa mshahara.

Kwa ununuzi, Sheria Na. 10 ya mwaka 2023 na NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, zimeondoa nafasi nyingi za makosa ya zamani ya makaratasi. Kaa mbali na tathmini yenyewe, lakini hakikisha barua ya kusudio la kutoa tuzo inamweleza mzabuni aliyeshindwa sababu mahususi za kushindwa kwake. Malalamiko huanzia kwa Afisa Masuuli, yaani kiongozi anayewajibika kwa fedha za taasisi, kisha hupanda Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, na siku za kufanya hivyo ni chache kwa pande zote mbili. Pale ambapo fedha ni za Benki ya Dunia au Benki ya Maendeleo ya Afrika, soma mkataba wa mkopo kabla ya kutoa maoni, kwa kuwa kanuni za mkopeshaji ndizo zitakazotangulia palipo na mgongano.

Ardhi na fidia

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati, na kanuni za mwaka 2001 zinataja vipengele vyake: thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, upotevu wa faida, na posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inaongeza kwamba uthamini wa fidia hudumu miaka miwili tangu uidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali, na malipo yakicheleweshwa zaidi ya miezi sita, riba huanza kuhesabiwa. Weka tarehe hizo mbili mahali ambapo Mtendaji Mkuu na mhasibu wataziona kila mwezi.

Viwango vya Benki ya Dunia ni vipana kuliko sheria yetu, kwa kuwa huwatambua pia wapangaji na wafanyabiashara wasio na hati. Mama lishe aliyepanga kibaraza Kariakoo hatakuwemo katika jedwali la mthamini kama mtu mwenye ardhi, lakini atakuwemo katika mpango wa mkopeshaji wa kuwahamisha watu. Majedwali hayo mawili yapatanishwe kabla ya tangazo la kwanza kubandikwa mtaani.

Jambo litakalokusumbua zaidi ni mirathi. Nyumba nyingi za katikati ya jiji zimeandikwa jina la marehemu, wakaazi ni wajukuu, na ukoo una pande mbili zisizosemezana. Utaletewa muhtasari wa kikao cha ukoo wenye saini nyingi na mhuri wa serikali ya mtaa. Upokee kwa heshima na uuweke katika jalada, lakini fidia ilipwe kwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, baada ya kuona barua ya usimamizi halisi na kuthibitisha namba ya shauri katika mahakama iliyoitoa. Hali kadhalika mwenzi wa ndoa ashirikishwe na saini yake ionekane. Wazee watakuambia kwamba unachelewesha haki yao, na baadhi yao watakuwa wanasema kweli; wasaidie kwa kuwaeleza hatua za Mahakama ya Mwanzo kwa lugha nyepesi, hata kama hiyo si kazi iliyo katika maelezo ya cheo chako.

Madokezo na maagizo ya mdomo

Dokezo linalokwenda kwa Mtendaji Mkuu lianze na jibu, lifuatiwe na sababu, kisha hatari, kisha tarehe ya mwisho ya kuchukua hatua. Kiongozi anayesoma madokezo ishirini kwa siku hatafika ukurasa wa nne kutafuta maoni yako. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, ila mikataba ya mikopo na ya ujenzi bado huja kwa Kiingereza. Kila hati yenye matoleo mawili iseme ni toleo lipi litakalofuatwa palipo na tofauti, na wewe mwenyewe uwe umeyasoma yote mawili sambamba.

Kuna siku utaambiwa kwa simu kwamba jambo fulani limeagizwa na wakubwa. Usibishane kwenye simu. Andika dokezo fupi lenye maneno haya kwa maana yake: nimepokea maelekezo ya kufanya hivi, msimamo wa sheria ni huu, naomba uthibitisho kabla ya kutekeleza. Mara nyingi agizo hilo halitarudi. Likirudi na saini, utakuwa na hati, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali atakapouliza, jibu litakuwa ndani ya jalada. Mwanasheria wa Serikali huwajibika kitaaluma kwa Mwanasheria Mkuu, na nafasi hiyo ni kinga iliyowekwa ili itumike.

Masuala ya watumishi yasikusumbue kwa muda mrefu: mtumishi wa umma hupitia kwanza Tume ya Utumishi wa Umma, ilhali dereva wa mtoa huduma hupeleka mgogoro wake kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi dhidi ya mwajiri wake. Kadi za nauli na kamera, kwa upande mwingine, zinahitaji jicho lako zaidi tangu Sheria Na. 11 ya mwaka 2022 ya kulinda taarifa binafsi ianze kutumika Mei 2023. Kadi iliyosajiliwa kwa jina huonyesha mtu alipanda wapi na kushuka wapi kila siku, na askari au mume mwenye wivu atakapokuja kuomba taarifa hizo kituoni, karani wa tiketi anapaswa kujua kwamba haruhusiwi kuzitoa na ajue amwelekeze wapi.

Daftari la tarehe

Tunza daftari moja, la karatasi au la kompyuta, lenye tarehe zote: notisi za siku 90 zinapoisha, ukomo wa madai ya mkataba ambao ni miaka sita na wa madai ya madhara yasiyotokana na mkataba, kama majeraha, ambao ni miaka mitatu, uthamini wa fidia, bima za mabasi, na dhamana za benki. Lipitie kila Ijumaa asubuhi pamoja na mhasibu na mkuu wa kitengo cha ununuzi. Dhamana ya utekelezaji iangaliwe kuliko vyote, kwa sababu ikiisha muda wake Jumamosi, benki inaweza kuikataa hati ya madai Jumatatu. Barua ya kumtaka mtoa huduma aongeze muda wa dhamana itoke siku 30 kabla, na barua ya kuidai benki iwe tayari imechapwa ndani ya jalada, ikisubiri saini na tarehe tu.